Mkono wa Fundi Spika

Kampuni ya Wilson Audio ya jimbo la Utah, Marekani, ilipotoa spika zake za WAMM Master Chronosonic, jozi moja iliuzwa dola 685,000, ambazo kwa shilingi zetu ni zaidi ya bilioni moja na nusu. Mtaa wa Uhuru, Kariakoo, laki mbili na ushee inakupa sabufa yenye spika zake mbili za pembeni, rimoti, blututhi na tundu la flashi, na ukijua kuongea na muuzaji anakuongezea waya wa simu. Piga wimbo wa Mlimani Park Orchestra kwenye hizi au kwenye zile, utaujua ni uleule tangu gitaa la kwanza.

Je, aliyelipa bilioni ameibiwa? Na aliyelipa laki mbili, amepata alichoambiwa anapata? Maswali haya yanastahili jibu la heshima, kwa sababu ndani ya bei hizo mbili kuna kazi ya mikono ya watu. Jibu langu nimelipata kwa mafundi spika wa Kariakoo na Gerezani, ambao wengi wao hawajawahi kuigusa spika ya dola elfu kumi. Muuzaji anaipanga spika rafuni ikiwa imefungwa. Fundi anaifungua, na akishaifungua anaona mahali pesa ilipotumika na mahali ilipokwepwa.

Chukua spika ya inchi 15 iliyoungua. Jumatatu ndiyo siku yake, baada ya shughuli za mwisho wa wiki: harusi, vigodoro, mikesha ya injili, mikutano ya hadhara. Kijana wa muziki wa kukodi anaishusha kwenye bodaboda, usingizi bado umo machoni.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba. Umeifanyaje?"

"Haijafanywa kitu mzee, imekata yenyewe tu, saa nane usiku."

"Haikati yenyewe. Mlifungua mpaka mwisho?"

Kijana anatazama chini. Fundi anagusa vishikizo vya nyuma kwa mita, sindano haichezi. Anaikandamiza karatasi kwa vidole vya mikono miwili, polepole, pande zote sawasawa, sikio likiwa karibu. Inakwaruza. Koili imeungua, imevimba, imekwama kwenye mwanya wa sumaku. Hajafungua hata skrubu moja na tayari anajua kilichotokea usiku ule: amplifaya ilikuwa ndogo kuliko kelele waliyoitaka, wakaisukuma hadi mawimbi yakakatwa vichwa, joto likazidi kile ambacho koili inaweza kukihimili. Hata spika iliyo nzima hugeuza sehemu ndogo sana ya umeme kuwa sauti, mara nyingi kama asilimia moja. Iliyobaki yote ni moto, na moto huo unakaa kwenye koili.

Sasa kazi inaanza. Anapitisha wembe kuzunguka ukingo, analainisha gundi ya zamani kwa thina, anaitoa karatasi pamoja na koili yake. Mwanya uliobaki wazi kati ya chuma cha katikati na sumaku una upana wa milimita moja, mbili hivi. Humo ndimo koili inamotakiwa kupanda na kushuka mamia ya mara kwa sekunde bila kugusa upande wowote. Vumbi la chuma likiingia humo, sumaku inalishika na huwezi kulitoa kwa kupuliza. Fundi anaviringisha tepu, upande wa gundi ukiwa nje, anaipitisha mwanyani mzunguko mzima, anaitupa, anaviringisha nyingine, mpaka tepu itoke nyeupe kama ilivyoingia.

Kisha anasuka. Waya wa shaba wenye vanishi, usiofika hata nusu milimita kwa unene, anauzungusha juu ya kipande cha mviringo kilichochongwa kwa kipimo cha koili iliyoungua. Tabaka la kwanza linakwenda, la pili linarudi, kila mzunguko umelala ubavuni mwa mwenzake bila kuupanda. Midomo yake inahesabu bila sauti, na mtu anayemjua hamsemeshi wakati huo. Akizidisha mizunguko, koili inanenepa na kugusa chuma. Akipunguza, ukinzani unashuka, na amplifaya ya mteja itachemka mpaka nayo iletwe hapohapo mezani. Spika iliyoandikwa omu 8 ikipimwa kwa mita huonyesha kama 6, na hapo ndipo anaposimama.

Hatua inayofuata ndiyo ninayoipenda kuliko zote. Koili lazima ikae katikati ya mwanya kabisa, na hakuna jicho linaloweza kufika huko kuthibitisha. Fundi anachukua filamu ya eksirei, ile unayopewa hospitali ukaisahau juu ya kabati, anaikata vipande vyembamba na kuvipanga kuzunguka chuma cha katikati, ndani ya koili. Unene wa filamu unakuwa kipimo chake. Kipande cha ubavu au goti la mtu asiyejulikana kinashika koili mahali pake mpaka kesho, gundi ikikauka. Asubuhi anavuta vipande kimoja baada ya kingine, anakandamiza tena karatasi kwa vidole, anasikiliza. Haikwaruzi. Anagusa vishikizo kwa betri moja ya volti moja na nusu, chanya kwa chanya, na karatasi inaruka mbele. Ingerudi nyuma angejua ameunganisha kinyume. Ndipo anapobandika kofia ya katikati na kuufunga mlango huo ambao hakuna mteja atakayeuona.

Nimeeleza kirefu kwa sababu sehemu kubwa ya jibu imo kwenye ule mwanya. Ukiwa mwembamba, nguvu ya sumaku inaishika koili barabara na karatasi inautii umeme papo hapo: tumba inalia inapopigwa na kunyamaza inaponyamazishwa. Lakini mwanya mwembamba hausamehi. Unadai vyuma vilivyosagwa kwa usahihi, koili iliyo duara kweli, gundi isiyolegea kwenye joto, na mfanyakazi asiyekimbizwa. Kiwanda kinachotaka kuuza rahisi kinaupanua mwanya ili koili iliyokaa kombo ipite bila kugusa, na kwa kuupanua kinapoteza ushikaji. Kiwanda kinachouza ghali kinaubana, kinaongeza sumaku, kinatupa zilizoharibika, kisha kinazipima spika moja moja na kuzioanisha ili ya kulia na ya kushoto zilingane. Katika kazi hiyo ya kupima na kutupa, pesa nyingi inayeyuka kihalali. (Sumaku yenyewe pia ina historia yake. Zile nyepesi zenye nguvu hutengenezwa kwa neodimiamu, na bei yake iliruka vibaya mwaka 2011 China ilipobana mauzo ya madini adimu. Madini hayo tunayo Ngualla, mkoani Songwe.)

Baada ya spika kuna boksi, na boksi linakula pesa kuliko watu wanavyodhani. Karatasi ikiisukuma hewa mbele, wakati huohuo inaivuta nyuma. Ndiyo maana spika tupu ukiilaza mezani haina besi: hewa ya mbele inazunguka ukingoni na kujaza pengo la nyuma, sauti nzito inajiua yenyewe. Boksi linaitenga hewa ya mbele na ya nyuma. Lakini boksi lenyewe ni mbao, na mbao ikitikiswa inalia. Likiwa jepesi, unasikia spika na boksi kwa pamoja, na sauti ya mwimbaji inakuwa kama imefunikwa sufuria. Mwaka 1961 Neville Thiele wa Australia alionyesha kwa hesabu namna ujazo wa boksi na tundu lake vinavyopaswa kuendana na spika iliyomo, na Richard Small akaikamilisha kazi hiyo miaka ya 1970. Leo seremala wa Keko au Gerezani mwenye simu anaweza kupata hesabu hizo bure. Wazee waliotangulia walikuwa wakiongeza na kupunguza urefu wa tundu kwa kipande cha bomba la plastiki, wakisikiliza, wakikata, wakisikiliza tena, na wengi walifika palepale Thiele alipofika.

Fundi mzuri wa boksi utamjua kwa mambo asiyoweza kukuonyesha. Ndani ameweka viunzi vya kushikilia kuta zisitikisike. Viungo vimetiwa gundi kabla ya skrubu. Plaiwudi aliyotumia ni ya kustahimili maji, kwa kuwa anajua unga wa mbao ulioshindiliwa unanyonya unyevu wa pwani na kuvimba pembeni baada ya masika mawili. Gonga boksi lake kwa kifundo cha kidole: linajibu kwa sauti fupi, iliyokufa. Gonga la sabufa ya rafuni: linaimba.

Wapo waliolitatua jambo hili kwa njia nyingine kabisa, na kuwataja ni haki. BBC ya Uingereza, mwanzoni mwa miaka ya 1970, ilihitaji spika ndogo ya kuwekwa kwenye magari ya matangazo, ambamo mhandisi hawezi kuwa na boksi kubwa. Wakabuni LS3/5A. Kuta zake ni plaiwudi nyembamba iliyobandikwa ndani kitu kizito cha kunyonya mtetemo, hivyo badala ya kuuzuia mtikisiko wanauacha ufe haraka. Haina besi ya chini na haijifanyi kuwa nayo. Ila sauti ya mtu akizungumza ndani yake ni mtu. Imeendelea kuundwa kwa leseni mpaka leo, na bei yake sasa imepanda mbali sana na ilipoanzia.

Kariakoo bei haitajwi kwa mwanya wala boksi. Inatajwa kwa wati. Wati elfu tano, wati elfu kumi, zimeandikwa kwa herufi kubwa kwenye katoni, huku nyuma ya mashine imeandikwa kuwa inakula wati 60 za umeme ukutani. Hakuna mashine inayotoa kuliko inavyokula. Na hata wati zingekuwa za kweli, sikio halizihesabu hivyo. Ukizidisha nguvu mara mbili, sikio linapata nyongeza ndogo tu. Ili usikie kama sauti imeongezeka maradufu, unahitaji nguvu mara kumi hivi. Mtu anayesikiliza taarabu sebuleni jioni, jirani asisumbuke, anatumia wati moja au mbili. Wati ndicho kitu rahisi kuliko vyote kuuza na ndicho cha mwisho unachopaswa kukinunua.

Kinachoua spika Dar es Salaam ni hali ya hewa na umeme. Chumvi ya baharini inakula vishikizo. Ukingo wa sponji unaoizunguka karatasi unaoza kwa joto na unyevu mpaka unakatika ukiugusa, na spika yenye jina kubwa kutoka Ulaya yenye ukingo huo itaoza sawasawa na ile isiyo na jina. Umeme ukikatika na kurudi kwa kishindo, amplifaya ndiyo inayopokea. Mafundi wanayajua haya bila kufundishwa na mtu: wanabadilisha sponji kwa mpira, wanasugua vishikizo, wanamshauri mteja anunue stebilaiza kabla ya kununua kitu kingine chochote. Yapo maarifa ya mahali ambayo kiwanda cha Utah hakina.

Kuna pia chumba. Wimbi la besi ya hezi 40 lina urefu wa zaidi ya mita nane, na sebule zetu nyingi ni mita tatu kwa nne, kuta za saruji, sakafu ya vigae, madirisha ya alumini. Wimbi halitoshi humo. Linagonga ukuta, linarudi, linarundikana kwenye kona na kutoweka katikati, ndiyo maana mgeni aliyekaa kwenye kona analalamika besi imezidi na wewe uliye mezani huisikii. Spika ya bilioni ikiwekwa chumba hicho itashindwa na chumba. Zulia, pazia nzito, kabati lililojaa vitabu au nguo, na spika kusogezwa mbali na kona kidogo, vitafanya kazi ambayo milioni tano za vifaa haziwezi kuifanya.

Historia ya mji huu inaonyesha pia kwamba bei ya vyombo si jambo la starehe peke yake. Miaka ya 1970 na nusu ya kwanza ya miaka ya 1980, fedha za kigeni zilikuwa adimu, na amplifaya, gitaa la umeme au maikrofoni havikuingia nchini kirahisi. Mwanamuziki wa dansi hakuwa na vyombo vyake. Mwenye vyombo ndiye aliyekuwa na bendi, na wenye vyombo walikuwa vyama na mashirika: NUTA Jazz, iliyoanzishwa mwaka 1964, ilikuwa ya chama cha wafanyakazi, UDA Jazz ya usafiri wa mabasi, Vijana Jazz ya Umoja wa Vijana, Bima Lee ya Shirika la Bima. Mlimani Park ilizaliwa 1978, na miaka ya 1980 ikawa chini ya Shirika la Maendeleo Dar es Salaam, ndiyo DDC tunayoikumbuka kwa ukumbi wake wa Kariakoo. Wanamuziki walihama bendi kwa kufuata vyombo. Kwa miaka ile yote, spika ikiungua hapakuwa na ya kuagiza. Ilisukwa, ikaungua, ikasukwa tena. Ninapozisikia Mlimani Park na NUTA Jazz za zama hizo, nasikia pia kazi ya mafundi ambao majina yao hayakuandikwa kwenye lebo yoyote.

Muziki huo ulirekodiwa wapi? Redio. Sauti ya Dar es Salaam ilianza kurusha matangazo mwaka 1951, na tangu 1965 ikajulikana kama Radio Tanzania Dar es Salaam. Hapakuwa na kiwanda cha santuri nchini, santuri zilichapwa Nairobi, na mwaka 1977 mpaka na Kenya ulipofungwa baada ya Jumuiya ya Afrika Mashariki kuvunjika, hata njia hiyo ikawa ngumu. Kwa hiyo studio ya redio ya taifa ikawa ndiyo studio ya nchi. Bendi nzima iliingia, maikrofoni chache, mkanda mmoja, wote wanapiga kwa pamoja. Hapakuwa na kurekebisha baadaye. Fundi mitambo alipanga uzito wa sauti kwa kumsogeza mpiga saksafoni hatua mbili nyuma na mwimbaji hatua moja mbele, na mtu akikosea wote wanarudia. Sikiliza kanda hizo kwenye spika nzuri, ya kawaida tu iliyokaa sawa, na utaweza kuonyesha kwa kidole alikosimama kila mmoja. Unasikia ukubwa wa chumba. Hakuna kifaa cha gharama kilichotumika pale kwa vipimo vya London au New York. Kulikuwa na masikio yaliyofunzwa na muda wa kusikiliza.

Hapa natofautiana na wapenzi wengi wa vifaa vya ghali ninaowaheshimu. Wao husema lengo la kifaa ni kuitoa sauti kama ilivyokuwa, bila kuongeza wala kupunguza. Nakubali, mradi tujue ilikuwaje. Santuri za mwimbaji wa taarabu Siti binti Saad zilizorekodiwa Bombay mwaka 1928 hazikubeba sauti za juu sana. Twita, yaani spika ya sauti za juu, ya mamilioni itakupa mikwaruzo ya santuri kwa usafi wa kuumiza, na sauti ya Siti haitaongezeka chochote. Halafu kuna mchiriku. Vijana wa mitaa ya pembezoni ya Dar es Salaam walichukua vinanda vidogo vya Casio, karibu kama vya kuchezea watoto, wakavipitisha kwenye honi za matangazo zilizozeeka, na mkoromo ule wa honi inayolemewa ukawa ndiyo rangi ya muziki wao. Jagwa Music waliufikisha Ulaya, na albamu yao ya Bongo Hotheads ikatolewa na Crammed Discs ya Ubelgiji mwaka 2012. Ukiusafisha mkoromo huo, umeuua mchiriku. Singeli iliyofuata nayo ilikulia kwenye spika za mtaani zilizosukumwa kupita kiasi. Kwa hiyo kifaa bora kwa mchiriku ni kile kinachokuletea mkoromo wote wa honi bila kuongeza mkoromo wake chenyewe, na fundi anayejua tofauti kati ya mikoromo hiyo miwili ni msanii sawa na mpiga kinanda.

Tukirudi kwenye bilioni, niseme nilivyoelewa. Sehemu ya bei ni kazi halisi: vyuma, mbao, vipimo, miaka ya utafiti, na uchache. Kinachotengenezwa mara hamsini kinabeba gharama zote ambazo kinachotengenezwa mara laki moja kinazigawa mpaka zisionekane. Kanuni inayojulikana kwa watengenezaji wadogo ni kuzidisha gharama ya vifaa mara nne au tano ili kufika bei ya dukani, maana humo lazima iingie mishahara, faida ya msambazaji na faida ya duka. Kikifika bandarini kwetu, kuna ushuru wa forodha, ambao kwa bidhaa nyingi zilizokamilika ni asilimia 25, na VAT ya asilimia 18 juu ya jumla hiyo. Cha milioni moja kimekuwa milioni moja laki nne na elfu sabini na tano, na bado tozo nyingine na usafiri.

Sehemu nyingine ya bei ni macho. Mwaka 1994 Floyd Toole na Sean Olive, watafiti wa kampuni ya Harman, waliwaketisha watu wasikilize spika zilezile mara mbili, pazia likiwepo na pazia likiwa limeondolewa. Spika ndogo ya bei nafuu iliyopata alama nzuri nyuma ya pazia ilishushwa ilipoonekana, na zile kubwa za kupendeza zikapandishwa. Wasikilizaji hao hawakuwa wajinga, walikuwa wafanyakazi wa kampuni hiyohiyo. Jicho linalitangulia sikio kwa kila mtu. Ndiyo maana spika za bei ya juu kabisa hupakwa rangi ya gari la kifahari na kuwekewa miguu ya chuma iliyong'arishwa, na anayezinunua analipia pia uzuri huo. Simlaumu. Mlango wa Zanzibar uliochongwa haufungi vizuri zaidi kuliko mlango wa bati.

Uamuzi wangu ni huu. Kutoka sabufa ya laki mbili kwenda kwenye jozi ya spika zilizoundwa kwa uangalifu na amplifaya ya kweli, hata za mtumba, za milioni moja au mbili, tofauti ni kubwa na kila mwenye masikio ataisikia, hata bibi yako. Kutoka hapo hadi milioni kumi tofauti ipo, lakini inahitaji chumba kizuri na usikivu. Kupita hapo unanunua usanii wa mbao na chuma, na heshima ya kumiliki kitu ambacho mtu alikipa muda wake wote. Hiyo nayo ina thamani, ila isiitwe muziki.

Tena, thamani hiyohiyo ya muda wa mtu aliyejitolea tunayo hapa kwa bei ya kusikitisha. Fundi anayesuka koili kwa kuhesabu kimoyomoyo, anayeituliza kwa filamu ya eksirei, anayesubiri gundi mpaka kesho badala ya kuiharakisha kwenye jua, anafanya kile ambacho Ulaya kinaandikwa "kwa mkono" na kuongezwa tarakimu. Mteja wa Kariakoo anamkata bei mpaka inabaki nauli na chai. Wazee wanaomaliza kazi hii wanastaafu bila wa kumrithisha, kwa sababu kijana ameona kwamba kufungua kibanda cha vioo vya simu kunalipa haraka zaidi. Chuo cha ufundi cha VETA Chang'ombe hakiko mbali na Gerezani. Ufundi wa spika ufundishwe pale kama somo kamili, kwa hesabu za Thiele na Small, na wazee wa Gerezani waitwe walipwe kuwa walimu. TBC nayo, iliyorithi kanda za Radio Tanzania, izipigishe upya kwa mashine zilizo sawa na watu wanaosikia, kabla joto halijazimaliza.

Na wewe unayekwenda Kariakoo Jumamosi hii kununua muziki wa nyumbani, nenda na wimbo unaoujua tangu utotoni. Mwambie muuzaji apunguze sauti badala ya kuongeza, usikilize kama maneno bado yanasikika. Gonga boksi kwa kidole. Usiulize wati. Spika yako ya zamani ikiwa imeungua, usiiuze kwa wapima vyuma chakavu. Ibebe mpaka Gerezani, mwachie fundi, rudi kesho kutwa, na umlipe anachotaja.